Kadi Kugusa Mlango Si Mtu Kuwa Kazini

Wengi huamini ukiipa akili unde rekodi za milango ya ofisi, itakuambia nani alikuja kazini na nani alitoroka. Si kweli. Mlango huandika kadi iliyoguswa, basi. Wawili wakipita kwa kadi moja, wa pili hayumo. Na mlango unaofunguliwa kwa kitufe hauandiki nani ametoka.

Kuna pia suala la saa. Mitambo mingi huhifadhi muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu: 05:02 ni saa mbili na dakika mbili asubuhi Nairobi. Programu isipoelezwa hilo, aliyechelewa ataonekana aliwahi.

Nchini Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humkinga mtu asiamuliwe jambo zito na mashine peke yake. Hivyo mfanyakazi aulizwe kwanza, kabla ya barua ya onyo.