Je, Shakespeare na Cervantes walifariki siku moja?

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutunga maswali ya chemsha bongo. Swali la saba nililipenda kuliko mengine yote: ni waandishi gani wawili mashuhuri, mmoja Mwingereza na mwingine Mhispania, waliofariki siku moja? Jibu lililokuwa kwenye karatasi yangu lilikuwa William Shakespeare na Miguel de Cervantes, 23 Aprili 1616. Mshiriki mmoja akainua mkono, akasema swali lenyewe lina kasoro. Nikamnyima alama. Nikamwambia, kwa ujasiri wa mtu aliyeshika kipaza sauti, kwamba jambo hilo linajulikana dunia nzima.

Yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimekosea mara mbili ndani ya swali moja.

Utetezi wangu ni kwamba kweli linajulikana dunia nzima. Mwaka 1995 UNESCO iliitangaza 23 Aprili kuwa Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, na miongoni mwa sababu ilizotaja ni kwamba Shakespeare, Cervantes na Inca Garcilaso de la Vega walifariki tarehe hiyo. Wakatalunya wa Hispania walikuwa wameshaadhimisha siku ya vitabu tarehe hiyohiyo tangu 1930. Neno la kuangalia hapo ni "tarehe". Tarehe inaweza kufanana na siku zisifanane, na anayezungumza Kiswahili hahitaji kuchorewa mchoro ili alielewe hili. Mwambie mtu mkutane saa nne asubuhi, naye asubiri mpaka mshale wa saa yake ufike kwenye 4. Wewe utafika mshale ukiwa kwenye 10. Wote wawili mmetamka nne, wote mmefika kwa wakati, na hamtaonana, kwa sababu mmepishana saa sita nzima. Mwaka 1616 Hispania na Uingereza zilikuwa katika hali hiyo, ila tofauti yao ilikuwa siku kumi.

Hispania ilikuwa inatumia kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia sasa. Uingereza ilikuwa bado na kalenda ya Juliasi Kaizari, iliyoanza kutumika mwaka 45 KK. Ndiyo, Kaizari yuleyule aliyetungiwa tamthilia na Shakespeare na kuletwa kwenye Kiswahili na Mwalimu Nyerere. Swali la maana ni kwa nini kalenda mbili zenye miezi ileile, majina yaleyale na siku 365 zilezile zipishane, na kwa nini zipishane kwa kumi.

Chanzo ni jua, ambalo halina habari na hesabu zetu za siku nzima. Muda ambao misimu huchukua kurudi pale ilipoanzia ni siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde kadhaa. Zichukulie hizo saa tano na ushei kama deni. Kila mwaka wa siku 365 unapokwisha, kalenda inabaki inadaiwa na jua. Haiwezi kulipa papo hapo, maana robo ya siku haipangiki kwenye kalenda: mwaka mmoja ungeanza usiku wa manane, unaofuata ungeanza alfajiri, na wa tatu adhuhuri. Basi inaacha deni lirundikane miaka minne, halafu inalipa kwa noti moja kubwa, ile siku tunayoiita 29 Februari. Mwaka huo tunauita mwaka mrefu.

Shida iko kwenye chenji. Deni la miaka minne ni saa 23 na dakika 15, lakini noti tuliyotoa ni ya saa 24. Kila tunapolipa tunazidisha dakika 45, na jua halirudishi chenji. Mtu hawezi kuhisi dakika 45 zilizotawanywa katika miaka minne. Lakini ukilipa hivyo mara 32, yaani kwa miaka 128, zile dakika zinakuwa siku kamili. Kalenda ya Kaizari ililipa bila kukosa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Matokeo yake ikawa inachelewa: jua limeshafika kituoni, kalenda inasema bado.

Waliolichukulia jambo hili kwa uzito walikuwa viongozi wa Kanisa, kwa sababu ya Pasaka. Tarehe ya Pasaka hukokotolewa kwa kuanzia siku ya mwezi Machi ambayo mchana na usiku hulingana. Enzi za Mtaguso wa Nisea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, siku hiyo ilihesabiwa kuwa 21 Machi. Kufikia karne ya 16 ilikuwa inaangukia 11 Machi. Siku kumi zetu ndizo hizo.

Papa Gregori XIII, akitegemea hesabu za tabibu Luigi Lilio na Mjesuiti Christopher Clavius, alifanya mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza lilikuwa kufuta malimbikizo: Alhamisi ya 4 Oktoba 1582 ikafuatwa na Ijumaa ya 15 Oktoba. La pili, ambalo ndilo lenye akili zaidi, lilikuwa kuzuia malimbikizo mapya. Mwaka unaofunga karne usiwe mrefu, isipokuwa ugawanyike kwa 400. Ndiyo maana 1700, 1800 na 1900 ilikuwa miaka mifupi kwenye kalenda mpya, ilhali 1600 na 2000 ilikuwa mirefu. Kwa maneno ya deni letu, mara tatu katika kila miaka 400 hatutoi ile noti, na ziada tuliyokwisha kuilipa inaliwa polepole. Hispania, Ureno na Poland zilifuata mara moja. Uingereza, iliyokuwa imefarakana na Roma, haikufuata. John Dee, mtaalamu wa hesabu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alishauri mabadiliko yafanyike. Maaskofu wakapinga, na suala likalala hadi 1752.

Sasa fungua kalenda kwenye simu yako, urudi nyuma hadi Aprili 2016. Mzunguko wa Gregori wa miaka 400 una siku 146,097, ambazo ni wiki 20,871 kamili, bila baki hata ya siku moja. Kwa hiyo Aprili ya 1616 kule Madrid ilipangika kama Aprili ya 2016 ilivyopangika kwenye simu yako. Tazama tarehe 23: ni Jumamosi. Kisha chukua 23 Aprili ya Uingereza, uiongezee siku kumi, uangalie 3 Mei: ni Jumanne.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Papa alizigusa tarehe, siku za wiki hakuzigusa. Rudia kusoma ule mruko wa 1582, uone Alhamisi inavyofuatwa na Ijumaa kama kawaida. Jumamosi ya Madrid ilikuwa Jumamosi vilevile kwa Waingereza. Hivyo basi, ile 23 Aprili ya Cervantes ilikuwa Jumamosi, na ile 23 Aprili ya Shakespeare ilikuwa Jumanne ya siku kumi baadaye. Jumamosi ile, kule Stratford-upon-Avon, mji wa Shakespeare, walikuwa wanaandika 13 Aprili, na Shakespeare alikuwa bado yuko hai. Laiti mshiriki wangu angesema maneno mawili tu, "Jumamosi" na "Jumanne", ningenyamaza. Au pengine ningemnyima alama vilevile. Kipaza sauti kina mambo yake.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni kwamba Cervantes hakufa 23 Aprili hata kwa kalenda ya kwao, angalau kwa kadiri wataalamu wengi wanavyoona. Tarehe hiyo inatoka kwenye rejista ya parokia ya San Sebastián mjini Madrid, na desturi ya wakati ule ilikuwa kuandika siku ya maziko. Kifo chenyewe huwekwa siku moja kabla, Ijumaa ya 22 Aprili. Kwa Shakespeare mambo yako kinyume. Rejista ya Stratford inataja maziko yake tarehe 25, na ile 23 tunaipata kwenye mnara wa kumbukumbu ulio ukutani mwa kanisa alimozikwa. Kwa hiyo swali langu la saba lilikuwa limechukua maziko ya mmoja na kifo cha mwingine, kila moja kwa kalenda yake, likaviita siku moja. Vifo vyenyewe vilipishana siku 11.

Nyongeza inayopendwa, kwamba Shakespeare alizaliwa pia 23 Aprili, ishughulikie kwa tahadhari. Kilichoandikwa ni kwamba alibatizwa 26 Aprili 1564. Siku ya kuzaliwa haikuandikwa popote. 23 ni makisio, yaliyosaidiwa kidogo na ukweli kwamba ni sikukuu ya Mtakatifu Georgi, msimamizi wa Uingereza.

Kwa upande wa sadfa yenyewe, anayestahili kutajwa ni yule wa tatu ambaye mimi sikumweka hata kwenye karatasi. Inca Garcilaso de la Vega alizaliwa Cuzco mwaka 1539, baba yake akiwa askari wa Hispania na mama yake wa ukoo wa wafalme wa Inka, akaandika historia ya watu wa mama yake kwa Kihispania. Alifariki Córdoba, Aprili 1616, chini ya kalenda ileile ya Cervantes. Vyanzo vinatofautiana kati ya tarehe 22 na 24, lakini hata ukichukua tofauti kubwa kabisa, yeye na Cervantes wanaachana siku mbili tu.

Ukishaujua ugonjwa huu, unaanza kuuona kwingine. Husemwa kwamba Isaac Newton alizaliwa mwaka aliofariki Galileo, 1642. Galileo alifariki Januari 1642 kwa kalenda mpya. Newton alizaliwa siku ya Krismasi ya 1642 kwa kalenda ya zamani, ambayo kwa kalenda ya Galileo ilikuwa 4 Januari 1643. Na Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, yaliyotokea 25 Oktoba 1917, huadhimishwa 7 Novemba. Hapo tofauti imekuwa siku 13, na unaweza kuihesabu mwenyewe: Urusi iliendelea kutoa ile noti mwaka 1700, 1800 na 1900, miaka ambayo wenzake hawakulipa. Kumi jumlisha tatu.

Uingereza ilipobadilisha, Septemba 1752, ilikuwa imeshalipa noti ya ziada mara moja, kwa hiyo ikalazimika kufuta siku 11: Jumatano ya 2 ikafuatwa na Alhamisi ya 14. Kile kisa cha umati uliojaa barabarani ukidai urudishiwe siku zake 11 nacho nilikiamini kwa muda mrefu. Ushahidi wa ghasia hizo ni hafifu sana. Kinachoonekana wazi ni mchoro wa William Hogarth wa mwaka 1755, unaokejeli uchaguzi, ambamo bango lenye madai hayo limelala sakafuni.

Kuna waliowahi kupendekeza, nusu kwa utani, kwamba Shakespeare ahamishiwe siku yake halisi, 3 Mei. Nafasi hiyo imekwisha kuchukuliwa. Tangu mwaka 1993, kwa pendekezo la UNESCO hiyohiyo, 3 Mei ni Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, kukumbuka azimio la waandishi wa habari wa Afrika waliokutana Windhoek mwaka 1991.