Bahari si pambo katika riwaya ya fumbo

Wapo wasomaji, na hata waandishi chipukizi, wanaodhani kwamba riwaya ya fumbo ya pwani hupata uzito wake kutokana na ukungu, upepo na mnara wa taa uliochakaa, kana kwamba siri iliyozikwa humo ingeweza kuhamishiwa mji wowote wa bara bila hadithi kupungukiwa. Dhana hiyo si sahihi.

Katika riwaya iliyosukwa vyema, maji yenyewe ndiyo yanayoendesha matukio. Katika pwani nyingi bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa takriban saa 24 na dakika 50, hivyo saa ya maji kujaa husogea kila siku, na shahidi anayedai kuwa alivuka kwa miguu hadi kisiwani usiku wa manane anaweza kuumbuliwa na jedwali la saa za maji kujaa na kupwa peke yake. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hupwa mbali kuliko kawaida na kufichua mbavu za chombo kilichozama, ambazo wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupwa kidogo tu, hazionekani kabisa. Hapo mwandishi hahitaji sadfa ili siri ifichuke.

Ukungu wa baharini nao hutokea hasa hewa vuguvugu yenye unyevu inapopita juu ya maji baridi, kwa hiyo kuutandaza katika kila sura ni uvivu tu. Ama mchanga, ambao wengi huuona kuwa kaburi salama, huliwa na mawimbi ya dhoruba, na mhalifu anayezika ushahidi ufuoni amechagua mahali pabaya kuliko bustani yake mwenyewe.