Kwantaizesheni ya vekta: kutuma namba badala ya vipimo

Dada yangu anashona sare za shule hapa Kirumba, Mwanza, na wateja wake wengi wako Ukerewe. Zamani mzazi alipiga simu kutoka Nansio akamsomea vipimo sita vya kila mtoto: bega, kifua, kiuno, mkono, urefu wa shati, urefu wa suruali. Siku hizi mzazi ana karatasi yenye vielelezo 16 vya miili ya watoto, kila kimoja na namba yake. Anasema tu, "Fundi, mkubwa ni namba 7, mdogo wake namba 3." Dada anatazama karatasi kama hiyo ukutani, anashika mkasi.

Hiyo ndiyo kwantaizesheni ya vekta. Vekta ni kundi la namba zinazochukuliwa kwa pamoja, kama vile vipimo sita vya mtoto mmoja. Kundi hilo linafananishwa na vielelezo vilivyopo, kinachaguliwa kilicho karibu zaidi, na inatumwa namba yake tu. Orodha ya vielelezo huitwa kitabu cha misimbo. Anayetuma na anayepokea lazima wawe na nakala ileile.

Kuchagua kati ya vielelezo 16 kunahitaji biti 4, yaani tarakimu nne za 0 au 1. Ukituma kila kipimo peke yake kwa ngazi 8, yaani saizi 8 za kuchagua, kila kimoja kinakula biti 3, jumla 18. Biti 18 zinabeba michanganyiko 262,144, na mingi ni ya watoto ambao hawajazaliwa popote: kifua cha miaka 6, miguu ya miaka 15. Vipimo vya mwili huenda pamoja, na kitabu kinatumia nafasi yake kwa watoto waliopo kweli. Gharama yake ni kwamba shati halitakaa sawasawa kabisa.

Sauti nayo iko hivyo. Simu ya kawaida ya mezani hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, biti 8 kila mara: biti 64,000 kwa sekunde. Simu za mkononi zinazotumia AMR, mfumo wa kubana sauti ya maongezi wenye ngazi nane za kasi, hushuka hadi kati ya 12,200 na 4,750. Maneno hukatwa vipande vya milisekunde 20, na umbo la koo na mdomo katika kila kipande huelezwa kwa namba 10. Katika ngazi nne kati ya hizo nane, namba hizo 10 hupewa biti 26. Kitabu kimoja cha biti 26 kingekuwa na vielelezo zaidi ya milioni 67, na kuvipekua vyote mara 50 kwa sekunde ni mzigo mkubwa mno kwa simu. Kwa hiyo namba zinagawanywa tatu, tatu na nne, kila fungu na kitabu chake kisichozidi vielelezo 512.

Njia nyingine ni ya hatua: "namba 7, ila suruali ongeza inchi moja." Kitabu cha pili kinasahihisha kosa la cha kwanza, cha tatu kosa la cha pili. SoundStream, mfumo wa Google wa kubana sauti wa mwaka 2021, unafanya hivyo.

Kitabu chenyewe hutengenezwa kwa njia ambayo watafiti Linde, Buzo na Gray waliieleza mwaka 1980: pima wengi, anza na vielelezo vya kukisia, mpe kila mmoja kielelezo kilicho karibu naye, tafuta wastani wa kila kundi uwe kielelezo kipya, rudia mpaka visisogee tena.

Karatasi ya kwanza ya dada ilitokana na watoto wa msingi peke yao. Oda ya sekondari ilipoingia, suruali zote zilikuwa fupi, ikabidi achukue futi apime upya. Kitabu kilichotengenezwa kwa sauti za wanaume watupu humkosea mtoto vivyo hivyo.