Mkoko nao huzama

Kila msimu wa mvua hunijia kikundi chenye ari. Wana magunia ya mbegu za mkoko, wana fulana mpya, wanataka niwaonyeshe tu pa kupanda. Nikiuliza mikoko ya mwanzo ilikufa kwa nini, jibu huwa lile lile: "Ilikatwa, au ilikufa tu." Nikitaja tope, wananishangaa. "Mwalimu, huu si mti wa majini? Maji na tope vitaufanya nini?"

Vitauua. Nimelisema hili mara nyingi, nalisema tena. Mkoko unaishi majini, lakini mizizi yake inavuta hewa kama mizizi ya mwembe. Tope la pwani halina hewa, ndiyo maana mchu, aina moja ya mikoko, huchomoza vile vijiti mfano wa penseli, na ile aina iitwayo mkoko hasa husimama juu ya miguu iliyopinda. Maji yakipwa, vitundu vya mizizi hiyo hupumua. Maji yakijaa, mti hujibana kwa saa chache hadi yapwe tena. Ukiifunika mizizi kwa mchanga au udongo, au ukiyazuia maji yasitoke, mti unakosa pumzi. Hukauka umesimama, na watu hutafuta mwenye shoka.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilituonyesha hayo Mwache, nje kidogo ya Mombasa. Mto ulishusha udongo kutoka mashamba ya bara, ukaifukia mizizi, na eneo kubwa la mikoko likafa. Aliyelima mteremko bila matuta huko juu huenda hajawahi kuiona bahari, ila udongo wake ndio uliofika.

Sasa mtu anakwenda mahali kama hapo na magunia yake. Mche mchanga uishi vipi palipomshinda mzee? Na karibu wote hupanda mkoko peke yake, kwa sababu mbegu yake ndefu unaichomeka tu kwa mkono. Lakini kila mti una pake. Mlilana hukaa mbele, unakopigwa na mawimbi, mkoko hufuata, mkandaa hupenda nyuma, ambako maji hufika kwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Wengine, wakikosa nafasi, hupanda juu ya majani ya bahari: wanaharibu malisho ya samaki ili wapate msitu ambao hautaota.

Ushauri wangu haujabadilika: kwanza fuata maji. Nenda wakati wa bamvua, tazama yanaingilia wapi na yanatuama wapi. Barabara imekata mkondo? Zibueni, wekeni makaravati ya kupitisha maji chini yake. Mkondo umejaa mchanga? Chukueni majembe. Maji yakirudi kutembea, na miti mama ikiwa karibu, mbegu zitaelea zenyewe hadi hapo. Miche ya mkono ni ya kujazia mapengo.

Kuna mengine nayasikia pia. Eti mkoko hauishi bila chumvi. Unaivumilia tu: mchu huitoa kwa majani, mkoko huizuia mizizini, na kazi hiyo inaugharimu mti. Mto ukipungua maji, chumvi huzidi na miti hudumaa.

Eti kaa wauawe kwa kuwa wanakula miche. Wanaila, ni kweli, lakini mashimo yao ndiyo yanayoingiza hewa kwenye tope. Waacheni.

Eti bahari ikipanda, mikoko itasogea bara yenyewe. Itasogea ikiwa kuna pa kusogea. Nyuma yake ukijenga ukuta, hoteli au mashamba ya chumvi, itabanwa kati ya zege na maji hadi iishe. Kabla hujapima kiwanja huko, waulize wavuvi wazee maji ya bamvua kubwa hufika wapi, kisha rudi nyuma zaidi ya hapo.