Je, wajua jinsi kocha anavyomfungulia mwanamichezo mlango wa chuo kikuu Marekani?

Mwaka 2018, kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyosikilizwa Boston iliweka hadharani takwimu za udahili ambazo kwa kawaida hufungiwa kabatini. Kati ya waombaji waliotakiwa na makocha, takriban asilimia 86 walipokelewa. Kwa waombaji wa kawaida, waliopokelewa walikuwa kama asilimia 6 tu. Lakini anayeamua nani aingie ni ofisi ya udahili, si kocha. Sasa nguvu hiyo kocha anaitoa wapi?

Anaitoa kwenye orodha. Kila mwaka timu hutengewa nafasi chache, na kocha hupanga majina kwa kufuata uhitaji wake: wa kwanza ndiye anayemtaka kuliko wote. Mwanafunzi akiwa juu, kocha anamtetea kwa nguvu zote. Akiwa chini, huambiwa maneno matamu, halafu basi.

Kazi kubwa hufanyika kabla hata fomu ya maombi haijajazwa. Majira ya joto kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, kocha humwomba kijana matokeo yake ya darasani na ya SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, akayapeleka udahili. Maofisa huyapitia na kumjibu: huyu anafaa, huyu aongeze alama, huyu achana naye. Ndiyo maana ile asilimia 86 iko juu hivyo. Wengi ambao wangekataliwa walishachujwa kimyakimya, wala hawakuomba.

Katika vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo mashuhuri ambavyo Harvard ni kimojawapo, hakuna ufadhili wa michezo. Msaada wa fedha hutegemea hali ya familia. Kwa hiyo kitu kikubwa anachoweza kutoa kocha ni nafasi yenyewe. Kuanzia tarehe 1 Oktoba, chuo kinaweza kumtumia mwanamichezo barua inayomhakikishia kwamba asipoharibu masomo atapokelewa, wakati wenzake wanasubiri hadi Desemba au mwisho wa Machi. Kuna breki pia: wastani wa alama za masomo za wanamichezo hauruhusiwi kuachwa mbali na wa wanafunzi wengine. Kocha anayemng'ang'ania mshambuliaji mwenye alama za chini inabidi atafute, tuseme, golikipa aliyefaulu sana. Katika vyuo vikubwa vinavyotoa ufadhili wa michezo, kocha ana fedha mkononi vilevile, na ushawishi wake huwa mkubwa zaidi.

Imani ya udahili kwa neno la kocha ndiyo iliyonunuliwa. Machi 2019, waendesha mashtaka walifichua mtandao wa Rick Singer, aliyewauzia wazazi matajiri nafasi za vyuo. Rudy Meredith, kocha wa soka la wanawake wa Chuo Kikuu cha Yale, alipokea dola 400,000 kwa kumpitisha binti mmoja kama mchezaji wake. Picha za watoto wengine zilichezewa kwenye kompyuta waonekane wanamichezo. Meredith alifungwa miezi mitano. Baada ya hapo Yale iliamua kwamba mkurugenzi wa michezo ayapitie majina ya kila kocha kabla hayajafika udahili. Kwangu mimi, ukaguzi huo ulichelewa mno: kila nafasi iliyouzwa ilikuwa ya kijana aliyetoka jasho.

Mlango huohuo umewapitisha vijana wa Kenya kwa haki. Mwaka 2004, John Manners na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, walianzisha mpango wa KenSAP. Waliwachukua wanafunzi wa Bonde la Ufa waliofaulu vizuri sana KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, wakawapima kwa mbio za mita 1500, kwa sababu muda mzuri wa mbio ungemfanya kocha wa Marekani amsemee kijana ambaye udahili haukumjua kabisa.

Kwa hiyo, kijana wa Iten au Arusha anayeandikiwa na kocha wa Marekani amuulize waziwazi: udahili umeshayapitia matokeo yangu, na ulisemaje? Mimi ni wa ngapi kwenye orodha yako? Utanitengea nafasi yako mojawapo mwaka huu? Kocha aliyekusudia kweli hujibu maswali hayo matatu moja kwa moja. Anayejibu kwa sifa tupu, tuma maombi kwingine pia.