"Less" na "fewer": kanuni changa kuliko inavyodhaniwa

Wanafunzi wa Kiingereza hukaririshwa kwamba "fewer" (chache zaidi) ni ya vitu vinavyohesabika na "less" (kidogo zaidi) ni ya visivyohesabika, eti ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Sivyo. Maandishi ya zama za Mfalme Alfred wa Uingereza, karne ya 9, tayari yanatumia "less" kwa maneno (yaani "less words"), na maneno yanahesabika. Mwaka 1770 Robert Baker, mwandishi wa masuala ya lugha ya Kiingereza, aliandika kwamba yeye aliona "fewer" inapendeza zaidi. Maoni tu! Waliomfuata wakayageuza sheria. Hata leo wenye lugha husema "less than ten miles" na "less than five minutes", kwa kuwa umbali na muda huchukuliwa kama kiasi kimoja. Kwenye mtihani, hata hivyo, andika "fewer books". Wasahihishaji wengi hawana mchezo.