Maswali ya wanyanyua vyuma: kujenga kifua na mikono bila kuliharibu bega

Katika pawalifti mshindani hupimwa kwa mitindo mitatu: kuchuchumaa na chuma mgongoni, kusukuma chuma akiwa amelala kwenye benchi, na kukinyanyua kutoka sakafuni. Maswali yaliyo hapa chini yanahusu zaidi benchi, maana hapo ndipo mabega mengi huanza kulalamika.

Mzigo nausukuma kwa kifua. Kwa nini linaloumia ni bega?

Kwa sababu kila kilo unayosukuma inapitia begani. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, lakini kikombe kinachokipokea ni kidogo na hakina kina. Ndiyo maana mkono unazunguka pande zote, na ndiyo maana bega huteguka kirahisi kuliko viungo vingine vikubwa. Kinachokishikilia kichwa hicho kisihame ni misuli minne midogo inayotokea kwenye kombe la bega, na wanyanyua vyuma wengi hawaifanyishi kazi hata kidogo. Pia kuna pale juu, mtulinga (mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani) unapokutana na kombe. Kusukuma mizigo mizito mara kwa mara kunaweza kuila ncha ya mtulinga, na maumivu yake mtu huyaonyesha kwa kidole kimoja, juu kabisa ya bega.

Nishike chuma vipi, na viwiko vikae wapi?

Anza kabla hujakitoa chuma mahali pake. Lala, vuta makombe ya mabega nyuma yakaribiane, kisha yashushe kuelekea kiunoni. Yaache hapo hadi seti, yaani marudio yote ya mkupuo mmoja, iishe. Anayesukuma huku mabega yamepanda masikioni anasukuma kwa kiungo kilicholegea.

Chuma kinaposhuka, viwiko visitanuke kufanya msalaba na mwili, wala visibanwe mbavuni. Nyuzi 45 hadi 70 kutoka ubavuni zinawafaa wengi. Chuma kiguse sehemu ya chini ya kifua, chini kidogo ya chuchu, na kifundo cha mkono kiwe juu ya kiwiko moja kwa moja. Mwambie mwenzako asimame upande wa miguu akurekodi kwa simu. Utaona mara moja kiwiko kipi kinakimbilia nje.

Kuhusu upana wa mikono, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Pawalifti (IPF) zinaruhusu hadi sentimita 81 kati ya vidole vya shahada. Huo ni mwisho wa ruhusa, si lazima uufikie. Ukizidisha mara moja na nusu ya upana wa mabega yako, bega hubeba zaidi, kwa hiyo mwenye historia ya maumivu asogeze mikono ndani.

Halafu shusha polepole. Msuli mkubwa wa kifua huchanika zaidi chuma kikiwa kinashuka au kimefika chini, si kinapopanda. Kukidundisha kifuani ni kuitafuta ajali, na mashindanoni hakutakusaidia: chuma lazima kitulie kifuani hadi mwamuzi atoe amri.

Niongeze mazoezi gani?

Ya kuvuta. Kwa kila seti ya kusukuma, fanya angalau moja ya kuvuta: pulapu (kujivuta juu ukiwa umening'inia), au kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama. Pushapu nazo zisidharauliwe, kwani benchi huyabana makombe ya mabega wakati pushapu huyaacha yatembee.

Kwa ile misuli minne, kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha. Kifunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Kunja kiwiko kikae ubavuni, kisha zungusha kiganja kuelekea nje taratibu na ukirudishe taratibu vilevile, marudio 15. Ikiwa kiwiko kinaachana na ubavu, tyubu ni nzito mno.

Jimu yetu ina vyuma vya kopo na zege. Vinafaa?

Vinafaa, ila pima kila upande kwenye mizani ya dukani uandike kilo zake kwa rangi. Tofauti ya kilo chache inabebwa na bega lile lile kila siku. Na usilale benchi peke yako: kopo lililogandishwa kwenye bomba haliwezi kuchomoka ukielemewa.

Bega huniuma nikibeba chuma mgongoni, si kwenye benchi.

Panua mikono kwenye chuma, au kipandishe juu kidogo mgongoni. Kikikaa chini sana, mikono hulazimika kwenda nyuma kupita uwezo wa bega.

Linauma sasa hivi. Niache kabisa?

Maumivu madogo, tuseme tatu kwa kumi, yanayotulia kufikia kesho yake, hayadai kuacha. Punguza uzito, tumia dambeli viganja vikitazamana, au sukuma ukiwa umelala sakafuni, ambapo sakafu huzuia viwiko visishuke mno. Usimeze dawa ya maumivu ili upate kunyanyua. Inanyamazisha onyo tu.

Lakini bega likikunyima usingizi, au mkono ukakosa nguvu ya kujiinua, nenda kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia. Na ukisikia kitu kimekatika kifuani, kisha kwapa na mkono wa juu vikavilia damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Msuli wa kifua uliokatika hushonwa vizuri zaidi katika wiki za mwanzo. Ukichelewa, hujikunja na kushikamana kwa makovu, na kazi ya daktari inakuwa ngumu.